Ushahidi wa Walio Hai: Madaftari ya Vifo ya Uskoti na Utafiti wa Nasaba

Mtu anayetafuta nasaba ya familia ya Kiskoti hana budi kuanza na kifo. Ingawa uzazi ndio mwanzo wa maisha, katika madaftari ya serikali ya Uskoti maandishi ya kifo huwataja wazazi wote wawili wa marehemu, pamoja na jina la ukoo alilozaliwa nalo mama yake, hivi kwamba kifo cha mzee mmoja katikati ya karne ya 19 humrudisha mtafiti hadi kwa watu waliozaliwa miaka mia moja kabla ya hapo. Madaftari haya ni zao la usajili wa kiserikali, yaani utaratibu ambao dola, badala ya kanisa, huagiza kila uzazi, kila ndoa na kila kifo kiandikwe na ofisa aliyeteuliwa kisheria, bila kujali dini, cheo wala mali ya mhusika. Historia ya utaratibu huo inastahili kujulikana na kila mtafiti wa nasaba, kwa sababu kila safu ya daftari la vifo ilibuniwa na watu fulani kwa haja fulani, kisha ikajazwa kwa maneno ya mtu mwingine aliyekuwa hai siku ile, na asiyeijua haja hiyo wala kumtambua mtu huyo huyasoma maandishi kana kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyesema.

Kabla ya usajili wa kiserikali, kumbukumbu za watu wa Uskoti zilikuwa mikononi mwa kanisa. Mwaka 1552 baraza la maaskofu liliagiza kila parokia iweke daftari la ubatizo na la matangazo ya ndoa, na daftari la kale zaidi lililobaki, la parokia ya Errol katika jimbo la Perth, linaanza mwaka 1553. Baada ya Matengenezo ya Kanisa ya mwaka 1560 kazi hiyo iliendelea chini ya Kanisa la Uskoti, na aliyeifanya alikuwa karani wa baraza la wazee wa kanisa, ambaye mara nyingi alikuwa pia mwalimu wa shule ya parokia. Ubatizo na ndoa viliandikwa kwa bidii iliyotofautiana kutoka mahali hadi mahali, lakini vifo viliandikwa kwa nadra, na katika parokia nyingi havikuandikwa kabisa. Pale vilipoandikwa, mara nyingi kilichowekwa katika kumbukumbu kilikuwa ada ya kukodi kitambaa cha heshima kilichotandazwa juu ya jeneza, kwa kuwa kitambaa hicho kilikuwa mali ya kanisa na mapato yake yaliwasaidia maskini. Daftari la namna hiyo ni hesabu ya fedha kabla ya kuwa kumbukumbu ya mazishi, na kwa sababu hiyo watu waliozikwa bila kitambaa, hasa watoto wachanga na mafukara, hawamo. Hali ilizidi kuharibika kati ya mwaka 1783 na 1794, serikali ilipotoza kodi ya peni tatu kwa kila uzazi, ndoa au maziko yaliyoandikwa, kwani wazazi wengi waliona heri kukaa kimya kuliko kulipa.

Kilichoufanya udhaifu huu usivumilike tena ni mabadiliko ya jamii yenyewe. Viwanda vya pamba, migodi ya makaa ya mawe na karakana za meli viliwavuta watu kutoka Nyanda za Juu za Uskoti na kutoka Ireland kwenda Glasgow na miji jirani, na maelfu ya wahamiaji hao, wakiwamo Wakatoliki wengi, hawakuwa na uhusiano wowote na karani wa Kanisa la Uskoti. Mwaka 1843 kanisa hilo lenyewe lilipasuka, takriban theluthi moja ya wachungaji wake wakatoka na kuanzisha Kanisa Huru, na tangu hapo daftari la parokia halikuweza tena kudai kwamba linawakilisha watu wote. Kipindupindu kilienea mwaka 1832 na kurudi mwishoni mwa miaka ya 1840, na madaktari waliotaka kujua kimeua watu wangapi, wa umri gani na katika mitaa ipi, hawakuwa na takwimu za kutegemea. Wanasheria nao walikuwa na haja yao, kwa kuwa urithi wa ardhi na mali ulitegemea kuthibitisha nani ni mtoto wa nani, na mahakama zililazimika kusikiliza kumbukumbu za wazee pale ambapo maandishi hayakuwepo.

Nchi jirani ya England, pamoja na Wales, ilikuwa imekwisha kuanza usajili wa kiserikali tarehe 1 Julai 1837, lakini Uskoti ilichelewa kwa miaka 17 na zaidi. Miswada kadhaa ilifikishwa bungeni London tangu miaka ya 1830 na yote ikashindwa, kwa kuwa baadhi ya viongozi wa kanisa walihofu kwamba sheria mpya ingebadilisha taratibu za ndoa, makarani wa parokia waliona wangepoteza ada zao, na mabaraza ya miji na majimbo hayakukubali kubeba gharama. Mswada uliofaulu uliwasilishwa na Lord Elcho mwaka 1854, nao uliepuka mzozo wa ndoa na kuwaruhusu makarani waliokuwapo kuwa wasajili wa kwanza, jambo lililotuliza upinzani na kuupa usajili mpya watu waliokwisha kuzoea kalamu na daftari.

Usajili ulianza tarehe 1 Januari 1855. William Pitt Dundas aliteuliwa kuwa Msajili Mkuu wa kwanza wa Uskoti, na daktari James Stark akasimamia takwimu. Kila wilaya ya usajili iliandika matukio katika madaftari mawili yaliyofanana, moja likabaki wilayani na jingine likapelekwa Edinburgh baada ya kukaguliwa na wakaguzi waliozunguka nchi nzima kulinganisha maandishi na kusahihisha makosa. Sheria iliyaita pia madaftari ya zamani ya parokia: yale ya kabla ya mwaka 1820 yalipelekwa Edinburgh moja kwa moja, na yale ya mwaka 1820 hadi 1854 yalikabidhiwa kwa wasajili wa wilaya wayatunze kwa miaka 30 kabla ya kuyapeleka huko. Kwa hatua hiyo moja, kumbukumbu za kanisa na za serikali ziliunganishwa katika hifadhi moja ya taifa, na hii ndiyo sababu kubwa inayofanya utafiti wa nasaba nchini Uskoti uwe mwepesi kuliko katika nchi nyingi ambako madaftari ya kanisa yametawanyika.

Waliotunga jedwali la mwaka 1855 walikuwa na shauku kubwa, wakataka daftari moja litosheleze haja za wanasheria, za matabibu na za wanatakwimu kwa pamoja. Kwa kila kifo msajili aliamriwa kuandika jina la marehemu, kazi yake, jinsia na umri wake, mahali alipozaliwa na muda aliokuwa ameishi katika wilaya ile, jina na kazi ya baba yake, jina la mama yake na ukoo aliozaliwa nao, jina la mume au mke wake, na majina ya watoto wake wote kwa mpangilio wa kuzaliwa pamoja na umri wao, wakiwamo waliokwisha kufa. Aliongeza siku na saa ya kifo, mahali kilipotokea, ugonjwa uliomuua na muda uliodumu, daktari aliyemhudumia na siku aliyomwona mara ya mwisho, mahali alipozikwa na aliyethibitisha maziko, na mwishowe sahihi ya mtoa taarifa, yaani mtu aliyekwenda kwa msajili kueleza yaliyotokea. Katika mwaka huo mmoja viliandikwa vifo zaidi ya 60,000, na kwa wengi wa watu hao maandishi haya ndiyo masimulizi ya pekee ya maisha yao yaliyobaki.

Thamani ya mwaka huo kwa mtafiti wa nasaba hudhihirika kwa hesabu nyepesi. Mwanamke aliyekufa mwaka 1855 akiwa na miaka 80 alizaliwa karibu na mwaka 1775, wazazi wake huenda walizaliwa karibu na mwaka 1750, na watoto wake wa mwisho waweza kuwa walizaliwa mwaka 1820 hivi. Mistari michache ya daftari huvifunga pamoja vizazi vitatu, hutaja mahali ambapo utafutaji katika daftari la parokia uelekezwe, na hufufua majina ya watoto waliokufa wachanga kabla ya usajili kuanza, ambao huenda hawatajwi popote pengine. Ndiyo maana wajuzi wa nasaba za Kiskoti humshauri mtafiti atafute ikiwa kuna ndugu yeyote wa mhenga wake, hata awe wa mbali kiasi gani, aliyekufa mwaka 1855, kwa sababu kaka au dada wa mhenga alikuwa na wazazi walewale na huenda ndiye aliyebahatika kuandikwa kwa ukamilifu.

Wasajili hata hivyo walilalamika kwamba maswali yalikuwa mengi mno, nafasi za kuandikia zilikuwa finyu, na watoa taarifa walishindwa kujibu. Kuanzia mwaka 1856 safu za mahali pa kuzaliwa na za watoto wa marehemu ziliondolewa, na jina la mume au mke likaachwa pia, likarudishwa mwaka 1861, wakati ambapo mahali pa maziko napo palifutwa. Mtafiti asiyejua mabadiliko haya aweza kudhani kwamba mtu aliyekufa mwaka 1858 hakuwahi kuoa kwa kuwa mke wake hatajwi, ilhali ukweli ni kwamba jedwali la mwaka huo halikuliuliza swali hilo. Kilichonusurika katika mageuzi yote hayo ni majina ya wazazi, nayo yameendelea kuandikwa hadi leo. England haikuyaweka katika madaftari yake ya vifo ya karne ya 19, na tofauti hiyo ndogo ya jedwali imewaacha watafiti wa nasaba za Kiingereza wakihangaika kutofautisha watu wawili wenye jina moja na umri unaokaribiana.

Ni jambo la kuzingatiwa kwamba maswali yaliyoonekana mazito Uskoti yaliendelea kuulizwa upande wa pili wa dunia. Koloni la Victoria nchini Australia lilianza usajili wake Julai 1853 chini ya William Henry Archer, mwanatakwimu aliyeamini kwamba daftari la vifo linapaswa kueleza maisha mazima, na jedwali lake liliuliza kuhusu wazazi, mahali pa kuzaliwa, miaka aliyoishi marehemu katika koloni, ndoa, watoto na mahali pa maziko. Waskoti wengi walihamia huko wakati wa kukimbilia dhahabu na baada ya kufukuzwa katika mashamba ya Nyanda za Juu, na kwa hiyo imetokea mara nyingi kwamba ndugu aliyefia Melbourne ameandikwa kwa upana zaidi kuliko ndugu yake aliyefia Glasgow mwaka uleule. Ukoo uliokatika katika madaftari ya nyumbani waweza kuungwa kwa kifo cha mhamiaji, ikiwa mtafiti atakumbuka kuufuata ukoo mzima badala ya mstari mmoja wa wahenga.

Kiini cha usomaji wa madaftari haya ni mtoa taarifa, na safu inayobeba sahihi yake yapaswa kusomwa kabla ya nyingine zote. Mtu aliyeketi kando ya kitanda cha mgonjwa aliijua siku na saa ya kifo bila shaka, na kwa hiyo sehemu hiyo ya maandishi ni ushahidi wa aliyeona. Umri wa marehemu aliujua kwa kukadiria, hasa alipokuwa mzee, na ndiyo maana umri mwingi wa wazee huangukia kwenye makumi kamili. Majina ya wazazi wa marehemu aliyajua kwa kusikia tu, kwani mwana aliyeandikisha kifo cha baba yake huenda hakumwona babu yake hata siku moja, na mkwe, jirani au mwenye nyumba alijua hata machache zaidi. Daftari moja, tena mstari mmoja, hivyo huchanganya ushahidi wa nguvu tofauti, na mtafiti makini huipima kila safu kwa umbali uliopo kati ya msemaji na jambo analolisema. Mjane aliyeishi na mumewe miaka 40 katika kijiji alichozaliwa mumewe ni shahidi mzuri wa majina ya wakwe zake, ilhali msimamizi wa nyumba ya maskini aliyeandikisha kifo cha mzee asiye na ndugu alikuwa akinakili yaliyokuwa katika vitabu vya ofisi yake. Pale ambapo nafasi ya wazazi imeachwa wazi, ukimya huo nao ni taarifa, kwa kuwa huonyesha kwamba marehemu alifia mbali na watu waliomjua. Alama ya msalaba badala ya sahihi humwambia mtafiti kwamba mtoa taarifa hakujua kuandika, na kwa hiyo tahajia ya majina yote ni ya msajili, aliyeandika kama sikio lake lilivyosikia, jambo lenye uzito mkubwa pale ambapo msajili alizungumza Kiingereza na mtoa taarifa Kigaeli.

Safu ya ugonjwa nayo ina historia yake. Iliwekwa kwa ajili ya afya ya umma, na katika miaka ya mwanzo maelezo yake yalikuwa hafifu, hasa katika Nyanda za Juu na visiwani, ambako daktari alikuwa mbali na vifo vingi viliandikwa bila uthibitisho wa tabibu. Hata hivyo takwimu zilizokusanywa kutokana nayo zilibadili maisha ya miji. Nyumba ya ghorofa nyingi ilipoporomoka katika barabara kuu ya Edinburgh Novemba 1861 na kuua watu 35, mji ulimteua Henry Littlejohn kuwa ofisa wake wa kwanza wa afya, na ripoti yake ya mwaka 1865 ilitumia kumbukumbu za vifo kuonyesha jinsi vifo vilivyotofautiana kati ya mtaa na mtaa. Huko Glasgow, James Burn Russell, aliyekuwa ofisa wa afya tangu mwaka 1872, alionyesha jinsi watoto wa familia zilizobanana katika chumba kimoja walivyokufa kwa wingi kuliko wale wa nyumba zenye nafasi. Mtafiti anayekuta watoto watatu wa familia moja wamekufa kwa homa katika majuma machache, wakiwa na anwani ileile, anasoma msiba wa wahenga wake na wakati huohuo anasoma moja ya maandishi yaliyowafanya wakuu wa mji wajenge mitaro na kubomoa vichochoro.

Kwa vifo vya ghafla, vya ajali au vya kutiliwa shaka, daftari la kawaida halitoshi. Uskoti haina mahakama ya uchunguzi wa vifo kama ile ya England, na uchunguzi hufanywa na mwendesha mashtaka wa serikali wa eneo husika, ambaye matokeo yake yalipelekwa kwa msajili na kuandikwa katika Daftari la Marekebisho, lililotumika kuanzia mwaka 1855 hadi 1965. Maandishi ya awali huwa na dokezo pembeni linaloelekeza kwenye daftari hilo, na mtafiti anayelipuuza hukosa mara nyingine jina sahihi, sababu halisi ya kifo, au mahali mwili ulipopatikana. Mlipuko wa mgodi wa Blantyre wa tarehe 22 Oktoba 1877, ulioua zaidi ya wanaume na wavulana 200, ni mfano wa msiba ambao historia yake ya kifamilia haiwezi kuandikwa bila kumbukumbu za namna hii.

Msiba mwingine unaonyesha nguvu ya madaftari haya mbele ya simulizi lililozoeleka. Daraja la reli la mto Tay lilianguka katika dhoruba usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, treni nzima ikazama pamoja na wote waliokuwamo, na kwa zaidi ya karne moja vitabu vilirudia kwamba waliokufa walikuwa 75, hesabu iliyotokana na tiketi na makisio. Watafiti wa historia za familia walipofuatilia vifo vilivyosajiliwa, mmoja baada ya mwingine, waliweza kuthibitisha wahanga 59, na majina hayo ndiyo yaliyochongwa katika minara ya kumbukumbu iliyozinduliwa kandokando ya mto mwaka 2013. Kazi hiyo iliwarudishia marehemu majina, umri na familia zao, na kuwatoa katika hesabu ya jumla ambamo walikuwa wamefichwa.

Hakuna kundi linalonufaika zaidi na madaftari haya kuliko wanawake. Katika sheria na desturi ya Uskoti mwanamke hakupoteza jina la ukoo wa baba yake kwa kuolewa, hivyo daftari la vifo humtaja kwa jina alilozaliwa nalo pamoja na la mumewe, na kisha huongeza jina la mama yake na ukoo wa mama huyo. Kwa kufuata vifo vya wanawake, binti hadi mama na mama hadi nyanya, mtafiti aweza kuusoma ukoo wa kikeni kwa vizazi kadhaa, jambo ambalo nyaraka za ardhi, za kodi na za kura, zilizowaandika zaidi wanaume, haziliwezi. Vivyo hivyo kwa watoto walioishi siku chache tu baina ya sensa mbili, kwa kuwa sensa iliyofanyika mara moja kila baada ya miaka kumi haikuwaona, na daftari la vifo, pamoja na lile la uzazi, ndilo linalowarudisha katika shajara ya familia.

Leo madaftari hayo yanatunzwa Edinburgh katika Jumba Jipya la Usajili, lililomalizika katika miaka ya 1860, ambalo chini ya kuba lake rafu zimepangwa ghorofa kwa ghorofa, migongo myekundu ikiwa ya uzazi, ya kijani ya ndoa na myeusi ya vifo. Picha za kurasa hizo zinapatikana pia kwa njia ya intaneti kupitia ScotlandsPeople, huduma ya Hifadhi ya Taifa ya Uskoti, kwa sharti kwamba kifo kiwe kimetimiza miaka 50, ili faragha ya walio hai ilindwe. Urahisi huu umewasaidia wazao wa Waskoti waliotapakaa Kanada, Australia, New Zealand na Marekani, lakini umeleta pia hatari ya kuokota jina la kwanza linalofanana na kulipachika kwenye ukoo. Njia salama ni kuanza na kifo kinachojulikana, kupima uwezo wa mtoa taarifa, kulinganisha umri na majina ya wazazi na sensa za kuanzia mwaka 1841, kutafuta vifo vya ndugu zake wote ili kuona kama mashahidi tofauti wanataja wazazi walewale, na hapo tu kuingia katika madaftari ya parokia.

Historia hii ina funzo linalovuka mipaka ya Uskoti. Madaftari ya vifo yana ukweli mwingi kwa sababu yaliwahusu wote, tajiri na fukara, aliyesali kanisa hili na aliyesali lile, na yana makosa mengi kwa sababu yalitegemea kumbukumbu za waliofiwa, waliofika kwa msajili wakiwa na majonzi na haraka ya kuzika. Haki ya wahenga inadai mambo yote mawili yakumbukwe, yaani maandishi yao yaaminiwe kadiri shahidi wao anavyostahili kuaminiwa, na yapimwe kwa ushahidi mwingine pale shahidi huyo alipokuwa mbali na jambo. Kwa kigezo hichohicho, kila mtu anayeandikisha kifo leo, katika nchi yoyote yenye usajili, ni mtoa taarifa ambaye wazao watamsoma, na uangalifu wake katika kutaja jina kamili la mama wa marehemu na mahali alipozaliwa ni mchango wa kudumu katika historia ya ukoo wake.